Mkuu Alipoolewa

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, nalo lilikaa ukurasa wa mia mbili na kumi, mstari wa sita kutoka juu, limetulia kama maji ya mtungini. Alipoolewa. Mwandishi wetu, aliyekuwa akipitia prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kitabu kuchapwa, alilipita mara ya kwanza, kwa sababu kila mtu hulipita neno kama hilo, akafika mwisho wa aya, kisha akaweka kalamu mezani. Akarudi nyuma. "Mkuu alipoolewa, hakuna aliyeulizwa maoni." Akasoma tena kwa sauti, kidole kikiwa chini ya neno, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Hakuandika hivyo. Aliandika "alipofunga ndoa". Angeweza kula kiapo mbele ya hakimu yeyote, maana kwa miaka minne hakuwa na kazi nyingine isipokuwa kulikwepa neno hilo na ndugu zake.

Ngoja niwaeleze, kwa kuwa asiyejua kazi aliyoifanya huyu mama atadhani ni mtu wa kupandwa na mori kwa upuuzi. Alikuwa ameandika riwaya juu ya mtawala mmoja, Mkuu, anayeishi katika jengo lenye korido ndefu na kuiongoza nchi kwa kuuliza maswali. Mkuu hapigi mtu. Anauliza tu, na watu wanaanza kujishtaki wenyewe. Katika kurasa zote mia tatu hakuna mahali panaposema kama Mkuu ni mwanamume au ni mwanamke. Lugha yetu inaruhusu mchezo huo. Yeye ni yeye. Mtu anaweza kula, kulala, kutawala na kuzikwa, msomaji asijue kama alivaa suruali au gauni. Lakini jaribu uone. Suruali na gauni zenyewe zilibidi zitoke. Ndevu zilitoka. Mume, mke, bwana, bibi, wote nje. Shemeji alibaki, kwa sababu shemeji hasemi kitu, lakini wifi alipotaka kuingia sura ya tano alifukuzwa mlangoni, maana wifi hupatikana baina ya wanawake tu. Na gumu kuliko yote lilikuwa ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na ukishataja kimojawapo umeshamwaga kila kitu. Kwa hiyo Mkuu alifunga ndoa, mara moja tu, ukurasa wa mia mbili na kumi.

Kwa nini ajitese hivyo? Alikuwa amechoka. Vitabu vyake vitatu vya mwanzo vilijaa wanawake, na kila alipoalikwa kuzungumza aliulizwa mambo yale yale: mbona wanawake wako wana hasira, mume wako anasemaje, nani anapika wewe ukiandika. Wenzake wa kiume waliokaa naye meza moja waliulizwa juu ya hatima ya taifa. Yeye aliitwa mwandishi mwanamke, na katika umri wake wote hajasikia mtu akitambulishwa kuwa mwandishi mwanamume. Akajiapiza kwamba safari hii atawapa mtawala asiye na upande, aone watamshika wapi.

Na safari hii kulikuwa na uchaguzi. Kwa mara ya kwanza mwanamke alikuwa na nafasi ya kweli ya kukikalia kile kiti kikubwa; watu walimwita Mama Mgombea, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kejeli. Mwandishi wetu alikuwa amempandia jukwaani mara mbili na kumtetea mpaka sauti ikakauka. Riwaya ingetoka wiki mbili kabla ya kura. Sasa fikiria Mkuu akiwa ameolewa. Mtawala katili wa kitabu kizima anageuka mwanamke, na wapinzani hawahitaji hata kutunga uongo. Wangesimama na kitabu mkononi waseme: mtetezi wao mwenyewe anatuonya, someni ukurasa wa mia mbili na kumi.

Alipofika hapo katika mawazo yake aliichukua kalamu tena. Hili si kosa, alijisemea. Mtu amekaa akachagua neno.

Akampigia simu Mhariri. Na huyu Mhariri sitawaambia ni mwanamume au mwanamke, mjionee wenyewe mchezo unavyochezwa.

"Nani amegusa ukurasa wa mia mbili na kumi?"

Kule karatasi zilisikika zikisogezwa, na hata hilo yeye alilipima.

"Umeguswa vipi?"

"Niliandika alipofunga ndoa. Kwenye prufu mlizoniletea nasoma alipoolewa."

"Labda mpanga kurasa kateleza."

"Mtu huteleza herufi. Huyu ametoa maneno mawili akaweka moja."

"Basi lirekebishe, uturudishie. Kurasa zinakwenda kiwandani Alhamisi saa kumi jioni. Si jambo kubwa."

Si jambo kubwa. Hayo maneno matatu hayakumwingia. Kurekebisha angeweza, kalamu ilikuwa mkononi. Lakini aliyeweza kuingiza neno lile mara moja angeweza kulirudisha yeye akishatia saini, na kitabu kikishachapwa, nani atasikiliza habari za kufunga ndoa? Alitaka kumjua mwenye mkono huo kabla ya Alhamisi saa kumi.

"Prufu zilisomwa na nani?" aliuliza.

"Msomaji prufu wetu."

"Ana jina?"

"Unajua utaratibu wetu. Hatuwataji, la sivyo waandishi wangewafuata majumbani."

Ilikuwa Jumanne. Alikata simu, akaketi pale pale mezani, akaanza kuwapitisha watu kichwani mmoja mmoja. Mpanga kurasa alikuwa mtu wa kulalamikia macho yake na kulipwa kwa ukurasa. Huyo hakuwa na muda wa hila. Mhariri ndiye aliyewahi kumwambia, wakiwa kwenye ngazi za ofisi, kwamba kitabu kinachozua kelele hujiuza chenyewe. Wakati ule alicheka. Sasa aliikumbuka ngazi, akaikumbuka na sura ya Mhariri, akaona tabasamu ambalo pengine halikuwapo.

Halafu akafika kwa mume wake, na hapo akasimama.

Mume wake alikuwa mwandishi wa hotuba. Si hotuba za Mama Mgombea. Za yule bwana aliyekuwa akishindana naye. Ilikuwa kazi yake tangu kabla ya bwana huyo kugombea lolote, na wawili hawa walikubaliana mapema kwamba siasa ibaki nje ya mlango pamoja na viatu. Wageni walicheka sana walipoambiwa. Ila kwa miezi miwili sasa mume alikuwa amebadilika. Alikuwa kimya. Alijibu kwa ufupi, aliosha vyombo bila kuombwa, na mara mbili mke alipoingia sebuleni alimwona akiifunika kompyuta haraka. Mswada wote wa riwaya ulikuwa kwenye kompyuta hiyo.

Asubuhi ya Jumatano, maji yakimwagika bafuni, alifungua mkoba wa mume wake.

Alijua anachokifanya. Siku nyingine angeandika makala nzima juu ya mwanamume anayepekua mkoba wa mkewe. Lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi, na chini ya daftari la kazi na betri za kinasa sauti alikuta karatasi zilizokunjwa katikati. Riwaya yake. Sura ya kwanza mpaka ya tatu, zimechapwa kwa mashine ya ofisini, na zimepigwa mistari kwa penseli. Alisoma iliyopigiwa mstari. "Mkuu hakuwahi kupaza sauti. Hakuhitaji." Mbele kidogo: "Watu wa nyumba ile waliijua hali ya siku kwa kusikiliza mlio wa funguo mlangoni." Pembeni paliwekwa alama ya kuuliza, ndogo, iliyoandikwa kwa mkono mwepesi. Maji yalikatika bafuni. Akazirudisha karatasi kwa mpangilio ule ule, daftari juu, betri upande wa kushoto, akaenda jikoni kuwasha jiko.

Na ndani yake, nisiwafiche, mlikuwa na furaha. Mtu anayeshuku hufurahi akipata. Alikunywa chai na mume wake, akamwuliza kama amelala vizuri.

Alingoja mpaka jioni, walipokaa kula.

"Umekisoma kitabu changu?"

Mume aliweka kijiko chini. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sura tatu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kilikuwa kwenye kompyuta ya sebuleni. Sikujua kinahitaji ruhusa."

"Na ile mistari? Ni ya hotuba ya nani?"

Mume aliinua macho. Hakuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka.

"Umefungua mkoba wangu."

"Jibu swali."

"Hakuna hotuba." Alisukuma sahani. "Niliishia sura ya tatu kwa sababu sikuweza kuendelea. Nilidhani ni mimi."

"Nani wewe?"

"Huyo Mkuu. Nilidhani umeniandika mimi. Nikawa napiga mstari kila nilipojiona, halafu najiuliza kama kweli ndivyo nilivyo humu ndani. Ndiyo maana nimekuwa kimya, mke wangu. Nilikuwa najaribu kujirekebisha."

Angalau hapo angenyamaza. Mwanamume mzima amekaa mbele yake na kumwambia amekuwa akiosha vyombo kwa miezi miwili kwa sababu ya sura tatu za riwaya. Lakini mwandishi wetu aliisikiliza ile kauli kama anavyosikiliza kauli za watu anaowatunga, akaiona imepangika mno. Huyu, alijisemea, hulipwa kwa kutunga sentensi kama hizi. Watu elfu kumi husimama juani wakitokwa machozi kwa maneno yake, ashindwe na mimi mmoja?

"Na ukurasa wa mia mbili na kumi hujauona."

"Sijui kuna nini ukurasa wa mia mbili na kumi."

"Mtu amebadili neno langu pale, nami nitampata. Una uhakika?"

Mume aliinuka, akachukua sahani yake na ya mkewe, akaenda kuziosha. Hakujibu. Usiku huo alilala sebuleni, na mke akachukua kutojibu kule kuwa jibu.

Alhamisi asubuhi alikuwa kwenye mlango wa Mhariri kabla mfagizi hajamaliza korido, na Mhariri hakufika mpaka saa saba mchana. Ofisi ilikuwa ndogo, imejaa marundo ya prufu zilizofungwa kwa raba, na kiti cha mgeni kilikuwa na kamusi mbili juu yake. Hakuzitoa. Alisimama.

"Nipe jina la msomaji prufu, au nitoe jina langu kwenye kitabu na kuwaambia wenye magazeti sababu."

"Usifike huko."

"Nimeshafika."

Mhariri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nikwambie kitu kimoja. Sisi hatukumpa mswada wako. Aliuomba mwenyewe. Alisikia tunao, akapiga simu, akasema huu niusome mimi."

Hayo yalitosha kumwasha. Mtu asiyejulikana, asiyetajwa, anauomba mswada mmoja katika yote, na neno moja linabadilika, wiki chache kabla ya kura. Sasa hata mume wake alipungua ukubwa. Pengine alikuwa ametumwa tu. Mhariri aliandika mtaa na namba ya nyumba kwenye kipande cha karatasi, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Ni mtu wa heshima zake. Nenda polepole."

Hakwenda polepole. Njia nzima alikuwa akipanga maswali, la kwanza jepesi, la pili jepesi zaidi, la tatu la kumfunga mtu. Nyumba ilikuwa ya mwisho mtaani, yenye ukuta uliopakwa chokaa karibuni na mlango wa bluu. Alibisha. Alisikia kiti kikisukumwa, kandambili zikiburutwa sakafuni, kisha mlango ukafunguliwa na bibi mfupi aliyekuwa na penseli nyuma ya sikio.

Maswali yote yalimpotea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, nilijua utakuja. Nilitegemea uje Jumatatu."

Alikuwa mwalimu wake wa insha wa darasa la tano. Miaka thelathini na mitano haikuwa imemfanya kitu zaidi ya kumpunguza kimo. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza moja kubwa dirishani, kioo cha kukuzia maandishi, penseli sita zilizochongwa kwa kisu, na rundo la prufu lililofunikwa kitambaa kama chakula. Akamwonyesha kiti, akamletea maji, akakaa upande wa pili wa meza.

"Umekuja kwa sababu ya alipoolewa."

"Kumbe unajua."

"Si mimi niliyeweka? Nilifuta maneno yako mawili, nikaandika langu, na pembeni nikaandika: sema moja kwa moja. Hukuona?"

Hakuona, kwa kuwa yeye aliletewa kurasa safi baada ya mpanga kurasa kuingiza kila alama aliyoikuta. Penseli ya Mwalimu ilikuwa imebaki ofisini, ndani ya bahasha, kwenye moja ya marundo yale ya raba. Hakukuwa na mtu aliyetumwa. Hakukuwa na kambi. Alihisi nafuu, na ajabu yake, alihisi pia kunyang'anywa kitu.

"Lakini kwa nini, Mwalimu? Neno langu halikuwa na kosa."

"Halikuwa na kosa. Lilikuwa na woga. Kurasa mia mbili nakuona unazungukazunguka, huyu mtu hana mume, hana mke, hana wifi, nikasema mtoto anaona haya kusema Mkuu ni mwanamke. Nikaona nikusaidie mahali pamoja."

"Mkuu si mwanamke."

"Ni mwanamume?"

"Wala si mwanamume."

Mwalimu alitoa penseli sikioni, akaiweka mezani taratibu. "Usinichezee, mwanangu. Hayo kawaambie wa kwenye mikutano. Wewe ulipokuwa unaandika, usiku na mchana, kichwani ulimwona nani?"

Alifungua mdomo ajibu kwamba hakumwona yeyote, kwamba hiyo ndiyo ilikuwa shabaha ya kazi nzima. Lakini Mwalimu alikuwa akimtazama, na mbele ya macho yale hakuwahi kuweza kudanganya hata juu ya nukta na mkato. Alimwona mwanamume. Ndiyo ukweli. Mgongo mpana, kikohozi kizito, pete kwenye kidole kinene. Kwa miaka minne alikuwa amemficha mwanamume mmoja, wala hakuwahi, hata siku moja, kuwaza kwamba anayekalia kile kiti anaweza kuwa mwanamke. Yeye, wa majukwaani. Yeye aliyemtetea Mama Mgombea mpaka sauti ikakauka. Machozi ya aibu yalimlenga.

"Ulimwona mwanamume," Mwalimu alisema. "Basi. Usilie, kunywa maji."

"Na wewe mwanamke ulimtoa wapi, Mwalimu?"

"Mimi nilikuona wewe."

Alisema hivyo bila ukali wowote, kama anayesoma jina kwenye daftari la mahudhurio.

"Ulikuwa monita wangu," akaendelea. "Mamonita wote niliowahi kuwa nao, nikitoka darasani, waliandika majina ya wapiga kelele. Wewe uliandika jina, na saa, na alichosema. Tena hukupiga kelele kuwanyamazisha, wala hukutishia mtu fimbo. Ulikuwa ukienda kwenye dawati la mtoto unamwuliza, una uhakika hujasema kitu? Una uhakika? Mpaka aliyekaa kimya tangu asubuhi anajitaja mwenyewe. Siku moja ulinipa karatasi mbili zimejaa. Nilicheka, nikawaonyesha wenzangu, nikasema huyu atakuwa mwandishi. Halafu nikaona watoto wenyewe walivyokuwa wakikutazama, na sikucheka tena."

Mwandishi wetu alikuwa ameshika glasi kwa mikono miwili. Alitaka kusema kwamba alikuwa mtoto, kwamba alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kilichomjia akilini ni meza ya jana jioni, na sahani mbili zikichukuliwa.

"Kwa hiyo niliposikia mswada wako upo, niliuomba," Mwalimu alisema. "Sura ya kwanza haijaisha, nikasema kajiandika. Nikasema huyu ana moyo. Nimesoma vitabu vya watu miaka hamsini. Mwanamke akiwa mbaya humo ni mchawi, au mama wa kambo, au malaya. Sijawahi kumkuta mwenye madaraka yake, na akili yake, na ubaya wake mwenyewe, bila mtu kuuliza huyu mwanamke anafanya nini hapa. Nililia, nakwambia kweli. Sikulia kwa huzuni."

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na robo. Mwandishi alitoa ukurasa kwenye mkoba, akauweka mezani kati yao.

"Mwalimu, kura ni wiki chache zijazo. Nikiliacha neno lako, watalisoma majukwaani. Watasema huyo ndiye Mama Mgombea."

"Wanaume wangapi wamekuwa madhalimu vitabuni? Kuna hata mmoja aliyekosa kura kwa sababu hiyo?"

"Mwanamume akiwa mbaya kitabuni ni mtu mmoja mbaya. Mwanamke akiwa mbaya ni wanawake wote."

"Kwa hiyo tujifanye wema mpaka lini?"

"Mpaka tuwe wengi."

"Na tutakuwaje wengi tukiwa tunafichwa nyuma ya kufunga ndoa?"

Alijua wasomaji wake wangemtegemea awe na jibu. Alijiambia ni mbinu, kwamba kitabu kinaweza kusubiri haki yake na uchaguzi hauwezi. Mara akaishuku sauti hiyo pia, kwa kuwa ilikuwa ile ile iliyomwambia asubuhi ya jana afungue mkoba: tulivu, yenye sababu nzuri, isiyopingika. Pengine ilikuwa mbinu. Pengine aliogopa tu watu wasije wakasoma alipoolewa, wakatazama picha yake nyuma ya jalada, wakaona alichokiona Mwalimu. Mambo haya mawili yalikuwa yameshikana kiasi kwamba hakujua lipi linashika kalamu.

Alichukua moja ya zile penseli sita. Alifuta alipoolewa kwa mstari mmoja, akaandika juu yake alipofunga ndoa, akaweka tarehe na saini. Kisha akampigia simu Mhariri, akasoma sahihisho neno kwa neno, akamtaka alirudie.

Mwalimu aliutazama ukurasa kwa kile kioo chake, kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Ni kitabu chako," alisema. "Ila ujue umemrudishia mwanamume kiti chake. Wote watamsoma mwanamume, kama ulivyomwona wewe."

"Najua, Mwalimu."

"Mradi unajua."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado kali kwenye ukuta wa sebule. Mume wake alikuwa kwenye kochi alilolalia, amekunja shuka vizuri na kuliweka kando, hana kitu mikononi. Aliposikia mlango alikaa sawa. Mke aliona jinsi alivyokaa sawa. Alisimama pale mlangoni akijiuliza ni tangu lini mtu huyu amekuwa akikaa hivyo yeye akiingia, na kama ilikuwa miezi miwili, au miaka.

"Umempata?" mume aliuliza.

"Nimempata. Ni mwalimu wangu wa zamani. Aliona neno linakaa vibaya, akalinyoosha."

"Siyo mimi, basi."

"Siyo wewe. Nisamehe. Nimekuhoji kama mwizi, na nimepekua vitu vyako."

Mume alitikisa kichwa kukubali, lakini hakulegea mabega. Mambo yangeweza kuishia hapo. Msamaha ulikuwa umeombwa na jioni ilikuwa yao. Mwandishi alitoa prufu zote kwenye mkoba, kurasa mia tatu, akaziweka juu ya meza ndogo mbele ya mume wake. Kwenye kitabu alikuwa ameshaamua kuficha, na huko asingerudi nyuma. Humu ndani hakukuwa na kura.

"Endelea kuanzia ulipoishia," alisema. "Yule Mkuu si wewe. Hata mimi sikujua mpaka leo. Ni mimi."

Akangoja. Alikuwa mume mpole, mtu anayeishi kwa kutafutia watu maneno mazuri, na neno alilolihitaji mkewe lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kuyaandika. Alingoja amwambie hapana, mke wangu, unajionea bure.

Mume hakusema hapana. Alisogea mbele kwenye kochi, akaitafuta sura ya tatu, akaanza kusoma.